Pale Mjomba Anaposinzia

Karakana ya Makochi,
Mtaa wa nyuma ya soko,
Jumanne, tarehe 14, mchana.

Mpendwa Binamu, Bwana Mipaka,

Salamu nyingi zikufikie huko kambini, wewe na vigingi vyako na kamba zako za kupimia. U hali gani? Kile kikohozi cha vumbi kimekuacha? Unakula vizuri, au bado yule mpishi wenu anawapikia wali wa kujengea ukuta? Na viatu vya kazini, wamekupa saizi yako au bado unatembea kama bata? Nijibu yote, usiruke hata moja, nakujua.

Sisi huku tupo. Mimi ni mzima wa mwili. Mama, yaani shangazi yako, mguu unamsumbua kila asubuhi lakini ulimi wake haujambo kabisa. Fundi Randa, jirani yetu seremala, bado anatutengenezea fremu za makochi, na hadi wiki iliyopita alikuwa anapiga mluzi wimbo uleule, nusu yake tu, mpaka mtu unatamani kumlipa aumalizie. Lile koti la kahawia la baba yako bado halijaonekana. Kila akiuliza lilikopotelea, mimi na Mama tunatazama dari. Natumaini linakukinga na baridi ya huko.

Najua umeshaanza kuniuliza: na baba, mbona hujamtaja hali yake? Basi nikuambie moja kwa moja, maana nikianza kuzunguka nitazunguka mpaka lori liondoke. Baba yako amelazwa hospitali tangu wiki iliyopita. Ana uvimbe tumboni, na umekuwa ukivuja damu ndani kwa ndani. Ijumaa asubuhi watampasua. Anaongea, anakunywa uji, anagombana na wauguzi kuhusu godoro. Lakini daktari hakutuficha: damu ilikuwa imepungua mno, moyo umechoka, na mpaka wamfungue hawajui uvimbe wenyewe ni wa aina gani. Kama umesimama, kaa chini kwanza. Ningekuwa karibu ningekushika mkono.

Nimekupigia simu mpaka yule mwanamke anayesema hupatikani nimemzoea kama wifi yangu. Ofisini kwenu wamenijibu kwamba redio ya kambini ni ya kazi tu, mambo ya familia yaandikwe yapelekwe na lori la chakula. Lori linaondoka kesho asubuhi, linafika kwenu jioni, na Alhamisi alfajiri linageuza. Nimemuuliza dereva mwenyewe, nikarudi nikamuuliza tena mpaka akacheka. Ukilipanda hilo, Alhamisi usiku uko hapa kabla mzee hajaingia chumba cha upasuaji. Ukilikosa, linalofuata ni la wiki ijayo.

Sasa ujue na hili. Baba yako hataki uje, na hataki hata ujue. Anasema uko kwenye miezi ya majaribio, ukiondoka kazini watakuonyesha mlango. “Mtoto kahangaika na vibarua mpaka kakonda,” aliniambia, “leo kapata kazi ya kudumu, mimi nimwite aje kunitazama nimelala? Mwandikie barua nzuri. Ya kuchangamsha. Wewe si ndiyo kazi yako, kutunga?”

Nikakubali. Mgonjwa akikuambia jambo huku ana sindano mkononi, utabishana naye nini? Barua hiyo niliiandika jana. Leo asubuhi nimeichana, na hii unayoisoma ni ya pili. Nitakueleza kwa nini, lakini itabidi nirudi nyuma kidogo, maana kosa lenyewe lilianzia hapa karakanani, na lilikuwa langu.

Unaikumbuka kawaida ya mzee. Kochi likiisha, kabla mwenyewe hajaja kulichukua, yeye huvua viatu akajilaza juu yake, mikono kifuani, akisikiliza kama kuna springi inayolalamika. Kwa kuwa muda huo hana kazi nyingine, mimi nilizoea kuvuta stuli nikamsomea nilichoandika. Ulipoondoka ilikuwa mchezo tu. Siku hizi imekuwa sheria ya nyumba. Pale anapofumba macho naweka alama ya penseli pembeni mwa karatasi. Akizinduka ananiuliza alilala wapi, namwonyesha, anasema: “Hapo umeshindilia pamba.” Nami nakata.

Si kwamba hakosei. Kuna sura moja nzuri ya kitabu cha pili aliilalia yote kwa sababu alikuwa ameshiba kupita kiasi, na mpaka leo naijutia. Lakini kwa jumla namwamini kuliko ninavyojiamini mwenyewe. Mtu anayeandika akisoma kwa macho hujidanganya. Anayaona maneno aliyokusudia, si yale aliyoandika. Ukimsomea mtu aliyelala chali, na wewe unausikia ubovu wako, mdomo unakuwa mzito kabla hata yeye hajafumba macho. Bi Mkasi, yule mhariri wangu, anaijua kawaida hii na anaicheka, ila nikimpelekea kazi jambo la kwanza ni kuuliza: “Mjomba kasemaje?”

Basi mwaka huu nilikuwa na riwaya ya dada wawili waliorithi nyumba moja wakaigawa kwa pazia. Niliipenda kuliko zote. Sura ya kwanza mzee akalala ukurasa wa pili. Nikasema sawa, mwanzo ni mzito, nikakata. Nikasoma tena juu ya kochi jingine, akalala mapema zaidi. Nikakata tena. Sura ya pili, hivyohivyo. Ya tatu, hivyohivyo. Binamu, nilikata kama mwenda wazimu. Mvua yote niliifuta. Harusi nikaivunja. Jirani mcheshi niliyemtunga kwa mapenzi yangu yote nikamhamisha mtaa, hajulikani alipo. Kila nikirudi na kurasa chache zaidi, mzee analala haraka zaidi.

Bi Mkasi akanipigia simu. “Riwaya yako imekonda,” akasema. “Ilikuja na mashavu, sasa naona mbavu. Inaumwa?” Nikamjibu kwamba Mjomba bado anasinzia. Akaniuliza kama nina hakika. Nikakasirika. Nilidhani anaubeza utaratibu wetu.

Na mzee pia nilimnunia. Siku moja nilimwambia wazi: “Mjomba, kama umechoka na hadithi zangu sema tu, usinilalie.” Akajifuta macho, akatabasamu kama mtoto aliyekutwa jikoni. “Nisamehe mama. Kochi la leo limetoka zuri mno.” Nami nikaenda zangu nyumbani kukata tena.

Alama za penseli zilijaa pembeni mwa kurasa, nami nazisoma moja moja, natafuta ugonjwa kwenye aya. Nilitafuta kwenye vitenzi. Nilitafuta kwenye majina ya watu. Sikutafuta kwenye kochi.

Wiki iliyopita nikaona sasa nimjaribu. Nilichukua kitabu changu cha kwanza, ile sura ya mwizi aliyeingia nyumba ya msiba akalia kuliko wafiwa. Unaijua. Baba yako anaijua kwa moyo, huwa anamalizia sentensi kabla yangu, na hajawahi kuisikia bila kucheka mpaka akakohoa. Nikavuta stuli. Nikasoma. Mwizi hajafika hata mlangoni, mzee kalala, sindano ya kushonea bado iko vidoleni mwake.

Penseli haikushuka. Nilibaki nimeishika tu. Ile sura haina pamba, Binamu, hilo nalijua. Kwa hiyo tatizo halikuwa kwenye karatasi. Ndipo nikamtazama. Kucha zake zilikuwa nyeupe. Midomo haina rangi. Mkanda wake una tundu jipya, amelitoboa mwenyewe kwa msumari, na baada ya hilo kuna jingine. Nilikaa na mtu huyo kila siku, nikijigamba kwa watu kwamba mwandishi haachi kuona kitu, na nilichokuwa nikitazama ni kope zake tu. Nikamtikisa kwa nguvu mpaka akaogopa na yeye.

Alikataa teksi, bila shaka. Alisema haendi popote kabla kochi halijachukuliwa. Bahati pikapu ya mteja ikafika saa hiyohiyo. Fundi Randa hakubishana naye hata kidogo. Alishika upande mmoja wa kochi, dereva upande wa pili, wakapakia kochi na mtu juu yake. Baba yako alifika hospitali amekaa nyuma ya pikapu kwenye kochi la watu, kama waziri anayepunga mkono, na mlinzi wa getini akafungua bila kuuliza. Tulicheka njia nzima. Tulipofika na daktari akamgeuza kope za macho, tukaacha kucheka.

Sasa naandika hapa kwenye meza yake ya kukatia vitambaa. Karakana ikiwa kimya inatisha. Kuna kochi alilolianza, limebaki katikati ya chumba limepasuliwa tumbo, springi nje, sponji pembeni. Kila nikiinua macho naliona, na kila nikiliona naifikiria Ijumaa. Asubuhi nimelifunika shuka. Halikusaidia kitu, ila angalau sasa springi sizioni.

Wanaonichangamsha ni shomoro. Unakumbuka mzee huwawekea pamba kidogo dirishani msimu wa viota? Tangu alazwe walikuwa wanakuja wanatua, wanatazama ndani, wanaondoka. Nimeanza kuwawekea mimi. Leo mmoja amebeba unyuzi mrefu, akataka kuuingiza kwenye tundu la ukuta ukiwa umelala kwa upana. Ukagoma. Akashuka chini, akaushika palepale katikati, akapanda, ukagoma tena. Nimemtazama karibu saa nzima badala ya kuandika. Zamani ningekimbilia karatasi niweke tukio hilo kwenye kitabu. Leo sina hamu. Nilitamani tu mzee awepo nimwonyeshe.

Sasa nirudi kwenye ile barua ya kwanza. Jana jioni, saa ya kuona wagonjwa, nilikwenda nayo. Wamemwongezea damu, na kwa kweli amebadilika. Macho yamefunguka, rangi ya midomo inarudi, na alipoona godoro la mgonjwa wa jirani limezama katikati alitaka kushuka kitandani alikague. Muuguzi akaniambia mzee huyu hasinzii ovyo tena, anakesha anapiga soga.

Nikatoa barua, kwa kuwa alisisitiza kuisikia kabla haijaondoka. Nikaanza: huku kwetu mambo ni shwari, makochi yanatoka, hali ya hewa ni nzuri, baba ana kikohozi kidogo tu kisichomzuia kazi. Nilipofika kwenye kikohozi niliinua macho. Baba yako amelala fofofo.

Nikamwita muuguzi mbio. Akampima. Kila kitu kiko sawa, akasema, amesinzia tu, kwani ulikuwa unamfanyia nini? Nikasema nilikuwa namsomea barua. Akanitazama kwa huruma.

Alipozinduka hakuniuliza alilalia wapi. Alisema, “Pamba tupu.” Kisha akageuka upande wa pili. “Lakini ipeleke hivyohivyo.”

Nilirudi nyumbani nikalala vibaya, na asubuhi nikaichana. Mimi natunga watu wasiokuwepo, wakaumwa, wakapona, wakafa, nami nikanywa chai. Hiyo ni kazi na naipenda. Lakini siwezi kumtungia mtu baba yake. Ikifika siku ukauliza, “Penseli, ulijua?”, nitakujibu nini? Afadhali mzee anikasirikie akiwa hai. Na kama mambo yataharibika, Mungu apishe mbali, afadhali uwe ulipata nafasi ya kuchagua.

Kuhusu kazi yako sina la kukuamulia. Najua ulivyoipata, najua ulivyocheza siku ile na barua ya ajira kichwani. Zungumza na msimamizi wako, umweleze kama nilivyokueleza, bila kupamba. Huenda akawa mtu. Huenda asiwe. Mimi naogopa vyote viwili, uje upoteze kazi au ubaki upoteze kikubwa zaidi, na sijui nikuombee kipi. Siku tatu hizi kila mtu akinisalimu nahisi nataka kulia au kupigana.

Riwaya nimeiweka kando. Bi Mkasi amesema atasubiri. Ameniambia pia kwamba nakala ile nene, yenye mvua na harusi, hajaitupa, iko kabatini kwake. Yule jirani mcheshi kumbe alikuwa amehifadhiwa huko.

Sijui kama hii nitamsomea mzee. Nadhani sitathubutu. Saa ya kuona wagonjwa ikifika nitakwenda na bahasha imefungwa, nimwambie tayari nimemaliza, basi.

Shangazi yako anakusalimu sana, na anasema ukija usije na nguo chafu za mwezi mzima ukadhani kuna mtu wa kukufulia. Fundi Randa anakusalimu, ameacha kupiga mluzi tangu wiki iliyopita, na hata mimi niliyekuwa nikimlaani nautaka mluzi wake urudi. Bi Mkasi naye anakupa pole. Wasalimie wenzako wa kambini, na mpishi pia, hata kama wali wake ni zege.

Mungu akutie nguvu popote hii itakapokukuta, akupe moyo mtulivu na njia nyeupe, na atukutanishe sote tukiwa na pumzi zetu.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye tangu tulipokuwa tukigombea nafasi kwenye makochi ya watu,

Penseli.

Jioni, benchi la nje ya wodi.

Bwana Mipaka, nimelazimika kuichana bahasha. Nilifika kwa baba yako nimejipanga. Neno lake la kwanza: “Barua iko wapi? Nisomee.” Nikasema nimeshaifunga. Akasema, “Ifungue.” Nikaifungua, nikafikiri nitatunga papo hapo, nisome maneno mengine yasiyoandikwa. Mimi huyo, mwenye vitabu vitatu, nikafungua mdomo na halikutoka hata moja. Basi nikasoma kilichoandikwa. Chote.

Nilisoma bila kuinua macho. Nilipofika kwa yule mwanamke wa simu nilisikia anacheka, akashika tumbo, akasema yalaa. Nilipofika kwenye mkanda na matundu yake sikusikia kitu. Nilijua sasa atanifukuza. Nikaendelea, shomoro, kochi lenye tumbo wazi, “Pamba tupu” yake, kazi yako, salamu za watu wote, mpaka jina langu. Ndipo nikatazama.

Hakuwa amesinzia. Macho yote mawili yalikuwa wazi, yananitazama, yamejaa maji. Wa kitanda cha jirani naye alikuwa ameegemea kiwiko anasikiliza, baba yako akamwashiria ageukie kwake.

“Humo hakuna pamba,” akasema.

Nikamuuliza, “Kwa hiyo niipeleke?”

Akavuta shuka mpaka kidevuni. “Ipeleke. Mwambie apande lori. Na mwambie aje na koti langu, najua ni yeye. Humu ndani kuna baridi.”